Naomba ushauri: maonyesho yangu ya kwanza ya picha za mwili

Habari zenu wakuu. Mimi ni mchoraji, naishi Kirumba, Mwanza. Kwa miaka 2 nimechora miili ya watu wa Mwaloni, soko la samaki la hapa Kirumba: mgongo wa mbeba magunia ya dagaa, nyayo zilizopasuka, mikono ya mama anayepara sangara, magamba yamemganda hadi kwenye viwiko. Ziko picha 14, nyingi za mkaa. Sasa mwenye ukumbi anataka niondoe 3 za migongo wazi, eti ni uchi. Jamani, hizo ndizo roho ya kazi yote! Wenyewe waliniruhusu, na nataka wawe wa kwanza kuziona. Nikubali, au nizitundike hukohuko Mwaloni? Na karatasi nizikinge vipi na unyevu wa ziwa?