Tupeane uzoefu: nani alikufundisha kuandika "xaxa" na "cjui" kwenye meseji?

Mtoto wa Kirumba
Wakuu, heshima kwenu. Jana kijiweni hapa Kirumba, Mwanza, dogo mmoja wa chuo katuambia sisi wa enzi za kitochi tuliandika "xaxa" kwa ushamba tu, kujifanya wa mjini. Nimeona nilete hapa, maana huyo hajawahi kuandika meseji kwa vitufe vya namba.

S ipo kwenye 7, nyuma ya P, Q na R. Unabonyeza mara 4. X ipo kwenye 9, mara 2 tu. Kwa hiyo "sasa" ni mibonyezo 10, "xaxa" ni 6. "Si" ya "sijui" inakula 7, C inakula 3. Halafu kuna vocha. Meseji moja mwisho wake ni herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo. Ukipitisha hata moja, unakatwa za meseji mbili. Hapo ushamba uko wapi?

Tupeane uzoefu. Ulijifunza kwa nani, na kuna balaa gani lililoletwa na kifupi? Nawakilisha.

Fundi Makoroboi
Mkuu umesema kweli. Ongezea "wa2". T na U zote zinakaa kwenye 8, kwa hiyo unabonyeza, unasubiri mshale usogee, ndipo ubonyeze tena. 2 unaishikilia tu, inajiandika. Kwenye vitochi vinavyoletwa hapa kwangu, kitufe cha 2 ndicho kinachofutika kwanza. Kina A, na Kiswahili bila A hakiendi.

Mjue pia kwamba meseji ya kwanza kabisa, tarehe 3 Desemba 1992 kule Uingereza, haikufupishwa hata herufi. Neil Papworth aliandika "Merry Christmas", lakini aliitumia kutoka kwenye kompyuta, vidole vyote kumi vikiwa huru. Angepewa kitochi tungeona.

Binti Nansio
Mimi wa Ukerewe. Mama alikuwa anapokea dagaa mwaloni Kirumba, mimi na kaka tunanunua huku kisiwani na kumpakilia melini. Mtandao ulikuwa wa kuuvizia: unaandika meseji nyumbani, unaihifadhi, unapanda juu ya jabali kuituma.

Kaka ndiye aliyemfundisha mama. Alimwandikia kwenye karatasi ya daftari: C ni "si", X ni "s", 2 ni "tu". Mama akaishika ile karatasi kama amri. Siku moja kaka akatuma: "Mama leo 2me2ma gunia 2, mengne kxho." Mama akaisoma kwa sauti mbele ya makuli, "Leo tumetuma gunia tu, mengine kesho." Akapokea gunia moja, akalipa mkokoteni, akaondoka. La pili likalala bandarini. Bahati nzuri kuli mmoja alilitambua kwa ile kamba ya bluu tunayofungia, akaliweka pembeni.

Kesho yake kaka akapigiwa simu ndefu kuliko meseji zote alizowahi kuandika. Toka hapo kwetu idadi inaandikwa kwa neno: "gunia mawili". Kila nikisoma "nta2ma 2" ya mtu mwingine, napiga simu kuuliza.

Ticha wa Nyakato
Kwenye insha za kidato cha pili nilikuwa nakutana na "m2 mmoja alikuwa anaixhi kijijini". Wenzangu ofisini walikuwa wanachapa. Mimi niliona viboko havitafundisha kitu, nikawapa zoezi la ufupisho: andika habari ya ajali ya mtumbwi isizidi herufi 160, na ni marufuku kukata neno.

Waliweza, tena wengi walibakiza nafasi. Kiswahili chenyewe kinabana. "Nimekutumia" ni herufi 11 na tayari una mtendaji, wakati, mtendewa na tendo. Walichokuwa wanakikata siku zote hakikuwa na haja ya kukatwa. Mwenye vitufe vya namba namsamehe. Anayeandika "xaxa" kwenye simu ya kupangusa, ambako S na X zote ni mguso mmoja, huyo anieleze.

Kijana wa Pasiansi
Ticha hiyo ya mwisho imenigusa, ila c mazoea 2 😂

Fundi Makoroboi
Na hiyo katuni ya kucheka ukiiweka kwenye meseji ya kawaida, nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70. Watu wananiletea simu, eti inakula salio.

Bibi Bwiru
Mimi mjukuu alinifundisha, na vifupi vyenu nasoma vyote. Ila aliponiandikia "Xkm bb" nilimpigia hapo hapo. Shikamoo haikatwi. Kama vocha haitoshi, aniamkie kesho.

Binti Nansio
Shikamoo bibi.

Bibi Bwiru
Marahaba mjukuu wangu. Umeona ilivyo rahisi?

Boda wa Igoma
Bibi umenikumbusha hiyo "bb". Binamu yangu alimpokea bibi yetu kutoka Magu, akanitumia meseji usiku: "Bb kafka xlama, anataka umuone leo kabla hajalala." Simu ilikuwa mezani, mke wangu ndiye aliyeisoma. Huyo "bb" kwake hakuwa bibi hata kidogo.

Nikaeleza, wapi. Akachukua simu, akapiga ile namba, akaweka sauti ya juu, akanyamaza akinikazia macho. Upande wa pili simu akapewa bibi mwenyewe. Ikasikika salamu ya Kisukuma, "Mwadilaaa!" mpaka jirani akakohoa. Mke wangu si Msukuma lakini aliitikia "Mwadila" vizuri kuliko mimi.

Kijana wa Pasiansi
Sasa bibi ulienda kumuona au ulilala?

Boda wa Igoma
Tulienda wote wawili, tena mke ndiye aliyelipia sato wa kumpelekea.