Naomba ushauri: uvimbe wa sm 2.8 kwenye ubongo, kipindi kimoja cha mionzi au vitatu?

Wenzangu wa Nairobi mnaopanga tiba ya stereotaksia (mionzi inayolengwa kwa usahihi mkubwa), hamjambo? Uvimbe ni mmoja, umesambaa kutoka titi, upana sm 2.8. Kwa ukubwa huo dozi ya kipindi kimoja ni Gy 18 (grei, kipimo cha mionzi). Ungekuwa chini ya sm 2 tungefika 24. Tatizo ni kwamba kwenye mpango, ubongo wenye afya ulio kando unaopata Gy 12 unafika sentimita 14 za ujazo, na ukishapita 10 hatari ya tishu kufa inapanda. Tunaelekea Gy 27 kwa vipindi 3. Kuna anayependelea Gy 30 kwa vipindi 5, na kwa nini?

La pili ndilo linaloudhi. MRI imeletwa na vipande vya milimita 5, tena ya wiki 5 zilizopita. Hiyo inatosha kuandikia ripoti, si kulengea: ukiioanisha na CT ya barakoa (picha ya kupangia tiba, kichwa kikiwa kimeshikwa na barakoa), mipaka ya uvimbe haishikiki, na huenda umeshakua. Tunahitaji T1 (aina ya picha ya MRI) yenye gadolini (dawa ya kung'arisha uvimbe), vipande vya milimita 1 visivyoachana, siku chache kabla ya tiba. Ombi hilo mnaliandikaje ili mpiga picha asifuate tu utaratibu wake wa kawaida? Na deksamethasoni (dawa ya kupunguza kuvimba kwa ubongo), mnaitanguliza au mnangoja dalili?