"Shiku" ya Lubumbashi imetoka wapi?

Mama wa Katuba
Jambo yenu. Wifi yangu amekuja kututembelea kutoka Bukavu, na tangu afike ni kuwacheka watoto: eti wanasema "shiku", "mushichana", "shiye" badala ya siku, msichana, sisi. Mimi pia nasema hivyo, na mama yangu alisema hivyo. Je, lugha huchukua sauti za jirani, au ni ndimi zetu nzito?

Mwalimu mstaafu, Kamalondo
Mama, ulimi hauna kosa. Sh tulikuwa nayo: shamba, shoka. Kilichoingia ni kanuni. Katika Kibemba na Chiluba, s ikifuatwa na i hugeuka sh. Reli ilifika hapa mwaka 1910, migodi ikavuta wasemaji wa lugha hizo kutoka Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) na Kasai. Wengi walijifunza Kiswahili ukubwani, wakakitamka kwa kanuni za kwao. Watoto wao wakakikuta hivyo.

Na huyo wifi, msikilize anavyotaja dhahabu. Nina hakika atasema "zahabu"! Dh, th na gh za Kiarabu zilishika pwani, kwenye vyuo vya Korani, ambako ukikosea herufi unarudishwa nyuma. Huku bara nani angeturudisha?

Mulushois (mtu wa Lubumbashi) wa Johannesburg
Jambo Mama, jambo Mwalimu. Sauti ngeni kabisa nazo huingia. Huku Kizulu na Kixhosa vina vidoko, yaani sauti za kualisha ulimi, zinazoandikwa c, q na x, vilivyotoka kwa Wakhoe na Wasan, wenyeji wa zamani wa huku kusini. Hiyo c inakaribia kabisa kule kusonya kwetu, ila wao wanaitia katikati ya neno! Ile q ya "iqanda", yaani yai, bado inanishinda sokoni.

Kupakana tu hakukutosha, watu walioana. Tena kuna adabu ya hlonipha: mke hataji jina la baba mkwe, hata silabi zinazofanana nalo anazikwepa. Basi alihitaji konsonanti nyingine za kuweka pale, na wataalamu wengi wanaona vidoko vilipata mlango hapo.

Mama wa Katuba
Kumbe wakwe! Na u ya Kifaransa je? Mbona bureau na commune tunasema biro, komini?

Mwalimu mstaafu, Kamalondo
Sisi wazee tuliiwekea i, yakaisha. Wajukuu wangu wanaitamka vizuri sana wakiongea Kifaransa. Wakirudi kwenye Kiswahili, ni biro tena.