MREJESHO: Vile vitu vya mtoto nilivyotaka kugawa bure

Habari zenu wapendwa, mimi ndo yule niliyeuliza nifanyeje nigawe kitanda cha mtoto, kigari na nguo zilizombana bila vitu kuishia kuuzwa kule soko la mitumba la Karume. Mlinishauri mengi, wengine mkasema niweke hata bei ya elfu tano ili wachuuzi wakimbie, ila mi hiyo niliiona haina maana maana asiyekuwa nayo ndo ninayemtafuta.

Nikaenda kwa mjumbe wetu. Mzee akaniambia mama usiniletee mzigo hapa, niletee orodha tu, watu nawajua mimi. Kweli bwana, akanipa namba ya dada mmoja anauza vitumbua barabarani, ana mapacha na walikuwa wanalala wote chini. Kabla hajaja nikamwita fundi abadilishe chaga moja iliyokatika, kisha tukakifungua kitanda, bolti zote nikazitia kwenye soksi nikaifunga kwenye mguu wa kitanda zisipotee njiani. Mumewe akaja na guta, nguo nazo akabeba zote hadi zile za baridi ambazo kwa joto la Dar sijui atazivalisha lini 😂

Kwenye grupu la mtaa, kuna mmoja alikuja inbox ananiuliza eti kigari kinauzika shilingi ngapi, huyo sikumjibu.

Kigari bado kipo, breki nzima ila tairi la mbele linavuta kushoto. Mwenye shida nacho aliyeko Tabata aseme hapa, aje na usafiri wake.