Kifaranga wa wiki nne anahara damu na hawezi kusimama: naomba ushauri

Mpenda Kuku
Ndugu wafugaji, salaam. Nina kifaranga wa wiki nne ambaye tangu jana amezubaa, ameshusha mabawa na kujikunyata pembeni huku wenzake wakila, na leo asubuhi nimekuta kinyesi chake kimechanganyika na damu. Hagusi chakula, na akijaribu kusimama anapepesuka. Nimemtenga ndani ya boksi. Daktari wa mifugo hatapatikana kabla ya kesho kutwa, kwa hiyo naomba kujua nifanye nini hadi wakati huo, na hasa kama inafaa kumlisha kwa nguvu.

Fundi Banda
Pole sana. Chakula kisubiri, joto ndilo la kwanza, kwa sababu kifaranga aliyepoa hawezi kumeng'enya unachomlazimisha kumeza, nacho hubaki kikichacha katika kile kifuko kilicho chini ya shingo. Weka taa, au chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, upande mmoja wa boksi, upande huo ufikie nyuzijoto 30 hivi za sentigredi. Kwa kuwa wako hawezi kujisogeza, itakubidi umwangalie wewe: akitweta mdomo wazi na kutanua mabawa, joto limezidi.

Akishapata joto, mpe maji ya uvuguvugu, tone moja moja pembeni mwa mdomo, ukisubiri ameze kabla ya kuongeza. Usimmiminie kooni, kwa maana tundu la njia ya hewa liko nyuma tu ya ulimi, na maji yakipita humo huishia mapafuni. Ukiona anameza vizuri, ndipo umpe chakula chake cha kawaida kilicholowekwa hadi kikawa kama uji.

Jogoo la Shamba
Mpe oksitetrasaiklini, ile antibiotiki ya kupambana na bakteria, kwenye maji. Mimi huwapa vifaranga wangu kila wanapozubaa, na wengi hupona.

Mama Mabanda
Ndugu Jogoo, kwa heshima napingana nawe. Kifaranga wa umri huu anapohara damu, cha kwanza kushukiwa ni koksidiosisi, ambayo husababishwa na vimelea vya Eimeria vinavyoharibu utumbo, wala si bakteria, na oksitetrasaiklini si dawa yake. (Hao waliopona huenda wangepona hata kwa maji matupu.) Dawa iliyozoeleka ni amproliamu, inayochanganywa na maji ya kunywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Wape vifaranga wote wa banda hilo, si mgonjwa peke yake, kwani wote wamedonoa sakafu ileile. Dawa hii huvizuia vimelea visitumie vitamini B1, kwa hiyo usichanganye na vitamini zenye B1 hadi umalize kuitoa.

Mpenda Kuku
Nawashukuru sana. Sasa amepata joto na anameza maji, ingawa bado amelala. Wenzake wawili wameanza kutoa kinyesi chenye ute, na maranda yaliyo karibu na chombo cha maji yamelowa. Je, nipulizie dawa ya kuua vijidudu?

Mama Mabanda
Dawa nyingi za kusafishia haziui mayai ya vimelea hivi. Mayai hayo hutoka na kinyesi, kisha huhitaji unyevu, joto na siku moja au mbili hivi kabla ya kuweza kuambukiza, na ndiyo maana kuondoa maranda yaliyolowa kila siku kunasaidia kuliko kupulizia. Inua chombo cha maji kifikie usawa wa migongo yao, wasikinyee.

Fundi Banda
Nikuambie bila kukuficha: huyu wa kwanza anaweza asipone hata ukifanya yote sawasawa, lakini hao wawili umewawahi. Akifa, mfunge kwenye mfuko na umweke mahali pa baridi pasipogandisha, ili daktari ampasue na kuutazama utumbo. Ukiona shingo zinapinda, kinyesi cha kijani au vifo vingi kwa mfululizo, shuku kideri, ugonjwa wa virusi uitwao pia Newcastle, ambao hauna tiba. Usitoe kuku yeyote nje ya banda, na umjulishe daktari mara moja. Huyu wa kwanza akipona, asirudi kwa wenzake siku anaposimama tu, kwani wakiona damu nyuma yake watamdonoa. Mwoshe manyoya ya nyuma kwa maji ya uvuguvugu, umkaushe kabisa, na umsubiri hadi ale mwenyewe na kinyesi kiwe cha kawaida.