Tupeane uzoefu: ahadi ya uzalendo ilipokubana

Wadau, nilimaliza darasa la saba 1975, Iringa. Kila asubuhi baada ya mchakamchaka tulitamka mstarini ahadi za mwanachama wa TANU, chama tawala wakati ule. Mbili hazijanitoka hadi leo: "Cheo ni dhamana" na "Nitasema kweli daima, fitina kwangu ni mwiko."

1989 nikiwa mtunza stoo wa serikali, lori lilishusha mifuko 25 ya mbolea. Mkuu wangu akanisogezea leja nisaini 40. Nikasita. Akasema, "Kijana, kuwa mzalendo, usiiaibishe serikali mbele ya wakaguzi." Sikusaini. Wiki tatu baadaye nikapewa barua ya uhamisho. Uhamisho niliuzoea, kilichoniuma ni neno mzalendo kugeuzwa turubai la kufunikia wizi. Mimi niliahidi kuitumikia nchi na watu wake wote, na wakulima waliokuwa wanaisubiri mbolea ile ndio watu wenyewe.

Wewe ilikukuta wapi?

Mjukuu wa Nakuru: Mzee, shikamoo. Kwetu Kenya tulikariri kiapo cha uaminifu kwa Kiingereza, na Rais alitajwa kabla ya taifa. Mwishoni tukamalizia na Nyayo, falsafa ya Rais Moi: amani, upendo na umoja. 1988 nilikuwa darasa la sita, nikaandamana na baba kwenye mchujo wa wagombea wa KANU, chama tawala, ule wa mlolongo. Watu walijipanga nyuma ya picha ya mgombea wao. Foleni aliyosimama baba ilizunguka uwanja ikafika vyooni. Ile nyingine niliihesabu mwenyewe, haikufika watu thelathini. Akatangazwa mwenye foleni fupi! Asubuhi yake paredi nilifungua mdomo, sauti ikakataa kutoka. Baba alibaki Mkenya yule yule wa kusimama wima wimbo wa taifa ukipigwa, lakini matokeo ya redioni hakuyaamini tena.

Binti Mkwawa: Mzee, na yule mkuu wako?

Mwanzisha mada: Alistaafu salama, mwanangu.

Kiranja wa zamani, Mbeya: Mimi nilikuwa upande wa wanaobana. Sekondari nilipewa daftari la kuandika wasioimba wimbo wa taifa. Rafiki yangu wa dawati moja alikuwa Shahidi wa Yehova, imani yake haikumruhusu kuimba. Alisimama wima, kimya, mikono ubavuni, hakumdharau mtu. Nikamwandika. Akafukuzwa, na mimi nikasifiwa mstarini.

2013 Mahakama ya Rufani ikawapa haki wanafunzi Mashahidi wa Yehova walioadhibiwa kwa kutoimba wimbo huo. Nilisoma habari ile mara mbili, nikakumbuka daftari. Yeye masomo yalishampita.

Mwaka juzi nilimkuta sokoni Mwanjelwa anauza mitumba. Akanichangamkia, akanipunguzia bei ya shati la mwanangu. Nilitaka kumwomba radhi palepale, nikalipa tu nikaondoka. Naomba mwenye busara anishauri, nianzeje?