Kentucky ilishashindwa 1980, Texas na Louisiana mnatuletea bango lilelile!

Wakuu, hili suala la Amri Kumi kwenye madarasa ya shule za umma Marekani linanichefua, na nalisema nikiwa Mkristo niliyezikariri tangu mtoto.

Mwaka 1978 Kentucky ilitunga sheria: kila darasa litundikwe bango la Amri Kumi, inchi 16 kwa 20. Wakajifanya wajanja, chini wakaweka maandishi madogo ya kudai ni historia ya sheria tu, na fedha ni za michango. Mwaka 1980, kwenye kesi ya Stone v. Graham, Mahakama ya Juu ikaitupa. Kura 5 kwa 4, sawa, lakini Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yanakataza serikali kusimika dini, na kuambiwa usiwe na miungu mingine si somo la historia.

Haya, Juni 2024 Louisiana hao na sheria kama hiyo. Juni 2025 Texas nao, na vipimo vya Texas? Inchi 16 kwa 20. Hata rula hawakubadilisha!

Wanajua fika wanachofanya. Wanatunga sheria ili washtakiwe, kesi ipande hadi kwa majaji waliopo sasa, na bili ya mawakili anabeba mlipa kodi. Jaji wa shirikisho aliizuia ya Louisiana Novemba 2024; wakakimbilia rufaa.

Halafu gavana wa Louisiana, Jeff Landry, anasema mzazi asiyelipenda bango amwambie mwanawe asiliangalie. Mheshimiwa, huyo mtoto analazimishwa na sheria ya jimbo lako kwenda shule! Akikwepa la darasa hili, la chumba cha hesabu linamsubiri.

Na mnaonitajia yule kocha wa shule ya umma ya Bremerton aliyeshinda kesi ya kusali uwanjani Mahakama ya Juu 2022: yule alisali mwenyewe, mechi ikishaisha. Bango limeandikwa na bunge, neno kwa neno. Tena neno la nani? Wayahudi, Wakatoliki na Waprotestanti hawazigawi amri hizo kwa namna moja. Wanasiasa wamekaa wakachagua nakala, utadhani sinodi ya kanisa! Ndiyo maana hata familia za Kikristo zimo kati ya walioishtaki Louisiana.

Mwanafunzi anaruhusiwa kusali shuleni kwa hiari yake, anaruhusiwa kubeba Biblia yake. Hakuna mahakama iliyomnyang'anya. Kwa hiyo mtakaokuja hapa na ile ya "Mungu kafukuzwa shuleni", njooni na hukumu inayosema hivyo.